Bodi ya pili au lenzi nyingine? Namna ya kuamua kabla hujatoa pesa

Jumamosi moja, saa mbili kasoro usiku, maharusi wakiwa mlangoni mwa ukumbi na MC ameshaanza kuwahesabia, kamera yangu ilikata. Shata, lile pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga picha, ilikwama nusu, skrini ikabaki nyeusi, na kila nilipotoa betri na kuirudisha nilisikia mlio uleule mkavu, kama mtu anayevunja kijiti. Begani nilikuwa na lenzi nne. Zote safi, moja bado nadaiwa. Nikasimama nazo pale kama mpishi mwenye masufuria manne na jiko limezimika.

Aliyeniokoa ni jamaa wa video. Alikuwa na bodi kuukuu, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ndani ya gari, na kwa bahati ilikubali lenzi zangu. Lakini mpaka aifuate na kurudi, maharusi walishaingia na maigizo yao yote, na ile picha ya mlangoni ambayo kila mama mzazi huitaka ukutani haikupatikana.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza, "Kaka, nina milioni moja na nusu, niongeze lenzi au nichukue bodi ya pili?" huwa na jibu, ila simpi mpaka anijibu maswali kadhaa. Jibu lenyewe kwa kifupi ni hili. Kama unalipwa kupiga tukio lisilorudiwa, anza na lenzi moja inayopitisha mwanga mwingi, kisha bodi ya pili hata kama ni kuukuu, halafu ndipo lenzi nyingine zifuate. Kama hulipwi, au kazi zako zinaweza kurudiwa kesho, sahau bodi na nunua lenzi. Hatua zinazofuata zitakuonyesha uko upande gani, maana wengi hujidhania wako upande ambao siwo.

Hatua ya 1: Tenganisha kazi zinazorudiwa na zisizorudiwa

Chukua daftari, andika kazi zako zote za miezi mitatu iliyopita. Weka alama kwenye zile ambazo, kamera ingekufa katikati, ungempigia mteja simu na kumwambia mpange siku nyingine. Picha za pasipoti, bidhaa za duka la mtandaoni, mtoto wa mwaka mmoja anayepigwa studio, msanii anayetaka picha za kava: zote hizo zinarudiwa. Utaona aibu kidogo, utapunguza bei, maisha yataendelea.

Kisha angalia zilizobaki. Harusi, send-off, mahafali, ubatizo, msiba, mkutano wenye mgeni rasmi. Hizo hazina kesho. Na kama umeshapokea advansi, umeuza kitu ambacho kamera moja haiwezi kukidhamini. Hata kama ni kazi moja tu kwa mwezi, tayari una hoja ya bodi ya pili.

Kuna kundi la tatu ambalo watu hulisahau, nalo kwetu ni kubwa: tukio moja linalofanyika mahali pawili. Ndoa ya Kiislamu ya Pwani ndiyo mfano wake. Mara nyingi bwana harusi anaozeshwa msikitini huku bibi harusi yuko nyumbani na wenzake, akipambwa na kusubiri. Mpiga picha mmoja mwenye kamera moja lazima achague nani amkose. Halafu kuna kitchen party na shughuli nyingine za wanawake watupu, ambako mwanamume mwenye kamera haingii hata kama ndiye aliyelipwa. Nina msaidizi wa kike ninayemkabidhi bodi ya pili kwa shughuli hizo. Kwa hiyo bodi ile haikai kwenye begi ikisubiri ajali, inaingiza pesa ambayo awali ilikuwa inakwenda kwa mtu mwingine. Kama kazi zako nyingi ni za namna hii, unaweza kurukia hatua ya 3.

Hatua ya 2: Zihoji picha zako mwenyewe

Kila picha ya dijitali hubeba ndani yake maelezo ya jinsi ilivyopigwa: lenzi gani, milimita ngapi (namba ikikua, lenzi inavuta mbali zaidi), tundu gani (uwazi wa lenzi, huandikwa f/; namba ikipungua, mwanga unaoingia unaongezeka), ISO ngapi (kiasi ambacho kamera inakuza mwanga; ikipanda sana, picha hujaa chenga), spidi gani ya shata. Lightroom, programu ya kupanga na kuhariri picha, inaweza kukuchujia picha kwa maelezo hayo, na kuna programu ya bure iitwayo ExifTool inayotoa orodha nzima. Chukua matukio yako matatu ya mwisho, zile picha ulizomkabidhi mteja, siyo zile ulizofuta, na uhesabu.

Tuseme unatumia ile lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera. Ukikuta sehemu kubwa ya picha ziko kwenye 55, mkono wako unatamani kufika mbali zaidi. Ukikuta ziko kwenye 18, ama unapiga kwenye vyumba vidogo ama una tabia ya kusimama karibu mno na watu, na hiyo ya pili haitibiwi na lenzi. Ukikuta milimita zimetawanyika lakini ISO iko 6400 karibu kila mahali, tatizo lako ni mwanga.

Hapo hesabu yake ni nzuri kuijua. Lenzi hiyo ya 18-55 ukiifikisha mwisho hubaki na tundu la f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ndiyo ya bei nafuu kuliko karibu lenzi zote kwenye duka, inapitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Kwa lugha ya ukumbini: pale ulipolazimika kupanda hadi ISO 6400, sasa ISO 640 inatosha kwa spidi ileile. Chenga zinaondoka, rangi ya ngozi inarudi. Hakuna bodi ya bei hiyo itakayokupa tofauti kubwa namna hiyo, na ndiyo maana naiweka mbele ya bodi ya pili. Kwenye kamera ya Canon yenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha), ambayo hukuza mara 1.6, milimita 50 hizo zinaonekana kama 80, yaani lenzi ya sura.

Ila usiifungue yote kila mara. Ukipiga kwa milimita 85 na f/1.8 kwenye kamera ya fulfremu, yaani yenye sensa kubwa, mtu akiwa mita 2 kutoka kwako, eneo lililo wazi lina kina cha sentimita 6 hivi. Bwana harusi akisogea nusu hatua mbele ya mkewe, mmoja wao ameshaingia ukunguni, na uwe na hakika mama yake huyo mmoja ndiye atakayeiona picha kwanza.

Sasa fanya jambo la pili, ambalo lina faida kuliko hesabu ya milimita. Baada ya kila tukio, kabla hujalala, andika picha tatu ulizozikosa na sababu yake. Usiandike "bahati mbaya". Andika giza, umbali, nilikuwa nabadilisha lenzi, sikuwepo pale, betri iliisha, kadi ilijaa. Baada ya matukio matano utakuwa na sababu 15. Giza na umbali ni kesi ya lenzi. Kubadilisha lenzi na kutokuwepo ni kesi ya bodi. Betri na kadi si kesi ya chochote kati ya hivyo viwili: nenda kanunue betri na kadi, pesa iliyobaki irudishe benki.

Nitaongeza jambo ambalo hujaliuliza. Kama huna fleshi ya juu ya kamera, hii mada nzima bado hujaifikia. Kumbi zetu nyingi zina taa za rangi na vitambaa darini. Fleshi moja inayogeuka kichwa, mwanga wake ukigongeshwa kwenye ukuta mweupe, itakufanyia kazi kuliko lenzi ya pili na bodi ya pili kwa pamoja. Angalia tu unakoigonga. Ukiigonga kwenye dari lililopambwa kwa kitambaa cha zambarau, kamati nzima itatoka na sura za zambarau.

Hatua ya 3: Angalia maunti kabla hujaangalia bei

Maunti ni ule mdomo wa kamera ambapo lenzi inajifunga. Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, hasa kipindi hiki ambacho wengi tuko njiani kutoka kamera za kioo (DSLR) kwenda zisizo na kioo (mirrorless).

Canon walianza maunti ya EF mwaka 1987, wakaleta RF mwaka 2018. Nikon wana F tangu 1959 na Z tangu 2018. Sony E ilianza 2010, na bodi zake za kwanza za fulfremu zikaja 2013. Kwenye kamera ya EF, umbali kutoka mdomo hadi sensa ni milimita 44. Kwenye RF ni 20 tu. Nafasi hiyo iliyopungua ndiyo inayoruhusu adapta kukaa katikati, kwa hiyo lenzi ya zamani ya EF inafanya kazi vizuri kwenye bodi mpya ya RF. Kinyume chake hakiwezekani. Lenzi ya RF haina namna ya kwenda kwenye bodi ya EF. Kwa Nikon ni hivyohivyo, na kuna mtego wa ziada: lenzi zake za zamani zisizo na mota ndani, ukizipeleka kwenye Z kwa adapta ya FTZ, fokasi utaizungusha kwa mkono.

Hebu ona hii inamfanya nini mtu. Anauza lenzi zake za EF, ananunua bodi ya RF na lenzi mbili za RF, kisha anajipongeza kwamba ile kamera yake ya zamani ya kioo ameibakiza kama akiba. Akiba gani? Siku bodi mpya ikigoma, lenzi zote zilizo kwenye begi hazikubali kwenye ile ya zamani. Kanuni ni moja: bodi ya akiba lazima ikubali lenzi unayofanyia kazi. Bodi ambayo haiwezi kufanya hivyo ni kamera nyingine tu, yenye mahitaji yake.

Mtego mdogo zaidi uko ndani ya jina moja la kampuni. Lenzi za Canon za EF-S zimetengenezwa kwa sensa ndogo na hazikai kabisa kwenye fulfremu kama 5D au 6D. Za Nikon za DX, nazo za sensa ndogo, zinakaa kwenye bodi za FX, yaani za fulfremu, ila kamera inakata picha na kubakisha katikati.

Baada ya maunti, tazama betri na kadi. Uzuri wa kukaa ndani ya familia moja ni kwamba betri za LP-E6 zinatumika kwenye 5D Mark II, 6D, 60D, 70D, 80D na nyingine kadhaa, kwa hiyo chaja moja inatosha. Kwenye kadi kuwa makini: 5D Mark II inakula CompactFlash tu, kadi ambayo siku hizi utaitafuta Kariakoo mpaka jua lizame. 6D inakula SD, lakini ina nafasi moja. Nikon D750 ina nafasi mbili za SD. Na usichanganye kinga hizi. Kamera yenye nafasi mbili inakukinga na kadi kufa, haikukingi na shata kufa.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya gharama nzima

Lenzi ikishanunuliwa, imenunuliwa. Labda filta ya kuilinda na kofia ya mbele, basi. Bodi inakuja na ukoo wake: betri mbili za ziada, kadi, mkanda wa mabegani wa kubebea kamera mbili, na mara nyingi fleshi ya pili, kwa sababu utagundua kwamba kamera ya pili ukumbini bila fleshi ni pambo. Mimi huongeza robo ya bei ya bodi kwa ajili ya hayo. Kwa hiyo mwenye milioni moja na nusu atafute bodi ya milioni moja na laki mbili, asizidi.

Hesabu nyingine ni ya kushuka kwa thamani. Canon 5D Mark III ilipotoka mwaka 2012 iliuzwa dola 3,499. Leo inapatikana kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo, na picha zake bado zinatundikwa ukutani. Lenzi nzuri ya mwaka uleule haijaporomoka hivyo. Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu anunue bodi ya akiba ikiwa mpya. Acha mtu mwingine alipe ile hasara ya miaka ya kwanza, wewe uipokee ikiwa imeshashuka. Pesa ya vitu vipya iende kwenye lenzi.

Njia rahisi kuliko zote haihitaji hata ununuzi wa makusudi. Kama bodi yako kuu imechoka na unataka kuibadilisha, usiiuze ile ya zamani. Dalali atakupa hela ya mafuta ya wiki. Ikisafishwa na kuhudumiwa, hiyo ndiyo bodi yako ya pili, na tayari unazijua tabia zake.

Hatua ya 5: Kodi kwanza, ujue unachokikosa

Kukodi kuna faida mbili. Ya kwanza ni kujaribu: kodi lenzi ya 70-200 kwa Jumamosi moja kabla ya kuinunua, utajua kama mgongo wako unaikubali. Wengi huirudisha Jumapili asubuhi wakiwa wamepona hamu. Ya pili ni hesabu. Chukua bei ya kifaa, igawe kwa bei ya kukodi kwa siku. Bodi ya 1,200,000, ikiwa kukodi ni 50,000, inajilipa kwa siku 24 za kazi. Ukipiga harusi mbili kwa mwezi, ni mwaka mmoja. Ukipiga harusi mbili kwa mwaka, endelea kukodi na ulale vizuri.

Lakini kukodi kuna ugonjwa wake. Harusi zetu haziji kwa mpangilio. Kwaresma inapita kimya, halafu baada ya Pasaka kila mtu anaoa. Shaabani inajaa kwa sababu Ramadhani iko mlangoni. Desemba ndiyo usiseme. Siku ambayo wewe unahitaji bodi ya kukodi ndiyo siku ambayo kila mpiga picha wa mji anaihitaji, na anayekodisha anampa mteja wake wa kudumu. Ukipanga kukodi kama kinga, weka oda na ulipe mapema, usisubiri Ijumaa jioni. Na ukipanga kununua, subiri miezi ya kimya. Huo ndio wakati ninaoona vifaa vizuri vikiuzwa na watu waliokwama kodi ya nyumba.

Hatua ya 6: Chagua jozi, usichague kifaa

Ukishaamua bodi ya pili, usikimbilie kuifananisha na ya kwanza kwa kila kitu. Bodi mbili za aina moja zina raha yake: vitufe viko palepale, rangi ni ileile, gizani vidole havipotei. Kama unaweza, fanya hivyo. Lakini kama mfuko hauruhusu, kuna ujanja kwenye kuchanganya fulfremu na sensa ndogo ya maunti moja. Lenzi zako mbili zinakuwa kama nne. Milimita 35 inabaki 35 kwenye bodi kubwa na kuwa kama 56 kwenye ndogo. 85 inakuwa kama 136. Ile 70-200 inakuwa kama 112-320, ya kutosha kumfikia padri altareni kutoka benchi la nyuma. Mtu mwenye 35 na 85 na bodi mbili za namna hii anaweza kupiga harusi nzima kuanzia saluni hadi ndafu, na begi likabaki jepesi. Hakikisha tu lenzi hizo ni za fulfremu, siyo EF-S.

Ukishaamua lenzi, fuata daftari lako la hatua ya 2, siyo unachokiona kwa jirani. Kwa mwenye sensa ndogo na lenzi ya kuanzia, zumu ya 17-50 yenye f/2.8 kutoka Sigma au Tamron huwa ndiyo hatua ya busara baada ya ile 50. Inapitisha mwanga mara 4 zaidi ya f/5.6 na inabaki kwenye kamera siku nzima. Kwa studio ya sura, 85. Kwa vyakula na bidhaa, makro, yaani lenzi ya kupiga vitu vidogo kwa karibu. Sitakaa hapa sana, kwa kuwa ukizihoji picha zako kwa uaminifu zitakuwa zimeshakujibu.

Kwa wanaopiga wanyama hali ni tofauti kidogo, nao nitawasemea kwa sababu huulizwa mno na madereva wa utalii. Serengeti kiangazi, kubadilisha lenzi ndani ya gari lililofunguliwa paa ni kualika vumbi likae kwenye sensa. Bodi moja ikae na lenzi ndefu, nyingine na zumu fupi, na lenzi zisifunguliwe mpaka mrudi kambini. Hapo bodi ya pili ina maana hata kwa asiyelipwa. Kinachobana ni uzito: ndege nyingi ndogo za kuingia huko zinaruhusu kilo 15 tu, nguo zikiwemo.

Wa video nao wanajua la kwao. Kwao bodi ya pili ni pembe ya pili ya mahojiano, hivyo huitafuta mapema kuliko sisi.

Hatua ya 7: Kagua mtumba kama unanunua ng'ombe

Bodi kwanza. Uliza shata imepiga mara ngapi. Kamera za Nikon huandika idadi hiyo ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo piga moja, ipeleke kwenye simu au kompyuta, usome. Canon nyingi haziandiki hivyo, na itabidi uiunganishe na kompyuta kwa programu ya kusomea. Kujua uwezo wake, 6D ilitangazwa kwa mizunguko 100,000 na 5D Mark III kwa 150,000. Namba hizo hazina maana kwamba itakufa siku hiyo. Ni kama kilomita za gari: zinakusaidia kujadili bei.

Kisha piga picha ya anga tupu kwa f/16 uone madoa ya sensa. Piga mfululizo wa picha 50 kwa haraka usikilize kama mlio unabadilika. Ingiza kadi, itoe, ingiza tena. Weka fleshi juu, hakikisha inawaka kila mara, maana kiatu cha fleshi kilicholegea ni ugonjwa wa kamera zilizofanya harusi nyingi. Jaribu kila kitufe hata usichokitumia.

Lenzi inataka tochi. Fungua tundu lote, mulika kutoka upande mmoja na uangalie kutoka mwingine kwa mshazari. Vumbi dogo si kitu. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui au mizizi: hiyo ni fangasi, na kwa lenzi iliyoishi Tanga, Zanzibar, Mombasa au Lamu bila kutunzwa, ni jambo la kawaida kabisa. Usiichukue hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu ukungu unaoila lenzi hiyo moja uko kwenye begi lote ilimotoka. Angalia pia mapezi ya tundu kama yana mafuta, zungusha zumu usikie kama kuna mchanga, na piga ukuta wa matofali uone kama upande mmoja wa picha umelainika kuliko mwingine.

Na ukishaipeleka nyumbani, ikiwa unakaa Pwani, usiiweke kwenye begi kabatini. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pakiti za silika za kunyonya unyevu ndani, na kipimo kidogo cha unyevu. Kaa kati ya asilimia 40 na 50. Gharama yake haifikii hata bei ya filta nzuri.

Hatua ya 8: Siku ya kwanza na kamera mbili

Watu hudhani kazi imeisha dukani. Bodi mbili zisizooanishwa zitakutesa kuliko moja.

Panga lenzi kabla ya kutoka nyumbani na usizibadilishe ovyo: pana kwenye bodi moja, ndefu kwenye nyingine, na kila moja upande wake wa mwili. Baada ya matukio mawili mkono utakuwa unajua wenyewe. Weka mizani ya rangi kwa namba ya Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) inayofanana kwenye zote mbili, maana ukiziacha zijiamulie, gauni lilelile litakuwa la maziwa kwenye moja na la manjano kwenye nyingine. Badilisha herufi za mwanzo za majina ya mafaili ili picha mbili zisiwe na jina moja ukazifuta kwa bahati mbaya. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi kwenda harusi ya ufukweni, acha begi lifungwe nusu saa kivulini kwanza. Ukilifungua papo hapo lenzi zote mbili zitatoa jasho, na bodi ya akiba haitakuwa akiba.

Usiache bodi ya pili ilale mwezi mzima. Betri hushuka, shata hukakamaa, na kadi iliyosahauliwa ndani huwa imejaa picha za mjomba. Mimi huitumia kwa angalau robo ya kila tukio.

Na saa. Hili nalisisitiza kwa sababu liliwahi kunikesha usiku mzima. Kamera moja ilikuwa mbele kwa dakika 7, na nilipozichanganya picha zikajipanga kwa muda: keki ikakatwa kabla maharusi hawajaingia, shampeni ikafunguliwa katikati ya sala. Picha 1,900, moja baada ya nyingine. Siku hizi, kabla ya kazi, naweka saa za kamera zote mbili kwa kufuata simu, halafu kila bodi inapiga picha moja ya skrini ya simu ikionyesha saa na sekunde. Zikipishana, picha hizo mbili zinaniambia ni kwa kiasi gani, na Lightroom inasogeza muda wa zote kwa mkupuo mmoja. Msaidizi wangu naye hufanya hivyo kabla hajaondoka na bodi yake kwenda nyumbani kwa bibi harusi.